Mamba Anaijua Saa Yako

Dadake susu hana mkono wa kushoto kuanzia kwenye kiwiko. Tulipokuwa wadogo, tukitoka Nairobi kwenda ushago likizo ya Desemba, tulipigania kukaa upande wake wa kulia wakati wa kula. Si kwamba tulimwogopa. Ni vile upande wa kushoto hakukuwa na mkono wa kukupitishia kipande cha nyama kisirisiri. Watoto ndivyo walivyo. Hatukuuliza mkono ulienda wapi, kwa sababu tulijua. Kila mtu pale kwetu alijua: mamba alienda nao.

Nilikuwa nimeshamaliza chuo nilipomwomba kwa mara ya kwanza anisimulie vizuri, mwanzo hadi mwisho. Alicheka. "Wewe ndiye wa kwanza kutaka kujua," akasema. "Wengine wanataka tu kuogopa."

Ilikuwa mwaka 1984. Wakamba huipa kila njaa jina, na ya mwaka ule inaitwa Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa nikiwa nazo mkononi: watu walikuwa na visenti vyao, lakini dukani hakukuwa na chakula cha kununua. Kwetu ni upande wa Makueni, ng'ambo ya Ikutha, ingawa wakati huo hakukuwa na Makueni kwenye ramani. Ilikuwa bado Wilaya ya Machakos hadi 1992. Vijito vya mchanga vilikuwa vimekauka hadi hata ukichimba kimo cha mtu hupati tope. Kila chenye pumzi kilisogea mto Athi: watu, mbuzi, punda, nyani. Mamba nao, ambao mto ukijaa hutawanyika, walikuwa wamebanana kwenye vidimbwi vichache vilivyobaki na kina.

Alishuka mtoni alfajiri na wenzake wanne, mahali pale pale walipozoea kushuka, kwa sababu ukingo ulikuwa umekatika vizuri na huwezi kuteleza. Akainama kuchota na kibuyu. "Sikuona kitu. Maji yalikuwa yamelala." Kisha mkono ukawa si wake tena. Wenzake walimshika kiunoni na miguuni, mmoja akawa anapiga mawe mahali alipodhani kuna kichwa. Wao wakivuta, mamba naye akajizungusha. Ndivyo walivyogawana.

Alibebwa hadi barabarani, akapata lori, akafika hospitali, akakaa miezi miwili. Aliporudi nyumbani, wiki ya pili alikuwa mtoni. Nilimuuliza kwa nini, nikidhani nitapata hotuba kuhusu ujasiri. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Ungefanya nini wewe? Maji hayakuhamia nyumbani eti kwa sababu nimekatwa mkono."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kusoma kuhusu mamba. Nilitaka kujua ni mnyama wa aina gani huyu, na kwa nini historia yetu naye ni ndefu hivi. Sikujua ningeishia kusoma zaidi kuhusu maji.

Kama unasoma hii ukiwa Nairobi, jua kwamba tayari uko ndani ya stori. Mto Nairobi, mto Ngong, mto Mathare, yote hiyo inaishia Athi. Maji unayomwaga kwenye sinki leo yatapita Fourteen Falls, chini ya mlima Ol Donyo Sabuk, halafu yatashuka kusini mashariki yakiambaa na nyanda za Yatta, lile bamba la lava lililonyooka karibu kilomita 300. Sehemu kubwa ya safari hiyo, mto wenyewe ndio mpaka: huku Makueni, kule Kitui. Ukifika mbugani unakutana na mto Tsavo, unabadilisha jina na kuitwa Galana, halafu Sabaki, na kuingia baharini karibu na Malindi. Mto mmoja, majina matatu, na mamba karibu kila mahali palipo na kina cha kutosha.

Kaskazini, Kitui inapakana na Tana, ambao pia haukauki. Lakini ukiondoa hiyo miwili, mito mingi ya Ukambani ni ya msimu. Tiva, Thua, Kaiti: nenda Agosti utakuta barabara pana ya mchanga mweupe, na wanawake wamechimba mashimo katikati wakichota taratibu kwa kikombe. Hapo hakuna cha kuogopa, labda kiu. Shida ni pale mchanga unapokataa kutoa maji na watu wanalazimika kwenda kwenye mto wenye maji mwaka mzima. Mamba naye anaupenda mto huo kwa sababu ile ile.

Sasa hebu tumwangalie mwenyewe. Huyu wetu ni mamba wa Nile, Crocodylus niloticus. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba mamba wa aina hii ni mmoja kutoka Senegali hadi Natal, hadi utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2011 ulipoonyesha kwamba wale wa Afrika Magharibi ni aina nyingine kabisa, mdogo na mpole zaidi. Sisi huku mashariki tulibaki na mkubwa.

Macho, masikio na matundu ya pua yake yamepangwa juu ya kichwa kwa mstari mmoja. Anaweza kuzamisha mwili wa mita nne na kubakiza juu vitu ambavyo ukiviona utadhani ni kipande cha kuni. Kwenye taya zake, ukimtazama kwa karibu (picha inatosha, tafadhali), utaona vidoa vidogo vyeusi vingi kama vilivyochomwa na sindano. Hivyo ni viungo vya kuhisi. Maji yakitikisika kidogo tu, vidoa hivyo vinajua kutoka upande gani. Kibuyu kikigusa maji ni kama mtu amebisha hodi.

Nyuma ya ulimi ana kilango cha nyama kinachoziba koo, ndiyo maana anaweza kufungua mdomo chini ya maji bila kunywa mto mzima. Misuli ya kufunga taya ina nguvu ambayo hakuna mnyama hai aliyepimwa akawapita watu wa ukoo wake. Lakini ile ya kufungua ni dhaifu sana: mamba wa wastani ukishamfunga mdomo kwa kamba, hawezi kuufungua. Meno yake, sitini na kitu hivi, ni ya kushika, si ya kutafuna. Likitoka moja lingine liko nyuma linasubiri. Na kwa kuwa hawezi kutafuna, akitaka kipande lazima akinyonge kitoke. Anashika na kujizungusha, mwili mzima, kama mtu anayekamua nguo. Niliposoma hapo niliweka simu chini kwa muda.

Jambo lililonibadilisha mawazo kabisa, hata hivyo, ni tumbo lake. Mamba hatumii chakula kupasha mwili moto kama sisi. Anaota jua, basi. Kwa hiyo mamba mkubwa anaweza kukaa miezi mingi bila kula na asife. Simba asipokula wiki mbili ana shida kubwa. Mamba hana haraka. Anaweza kukaa kidimbwini na kukuangalia ukija leo, kesho, keshokutwa, mahali pale pale, saa ile ile, akajifunza ratiba yako kuliko hata mume wako. Dadake susu hajasoma zuolojia, lakini alikuwa ameshaniambia hivyo hivyo: "Mamba hajui wewe ni nani. Anaijua saa yako." Tangu 1984 hajawahi kuchota mahali pamoja siku mbili mfululizo.

Acha nimtetee kidogo pia, maana hana wakili. Kwenye ukoo wa viumbe, jamaa wa karibu zaidi wa mamba walio hai ni ndege, si mijusi. Ana moyo wa vyumba vinne kama kuku na kama wewe. Na jike ni mama wa kweli. Anachimba shimo kwenye mchanga wa ukingo, juu ya mahali maji yanapofika, anataga mayai hamsini hivi, pengine zaidi, anafukia, na kukaa hapo kulinda kwa karibu miezi mitatu, bila kula au akila kidogo sana. Adui yake mkuu ni kenge, mwizi hodari wa mayai. Tunaposema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, tunadhani kenge anajipendekeza kwa wakubwa. Kumbe mwenzetu anafuata kiamsha kinywa.

Muda ukifika, watoto wanalia wakiwa bado ndani ya mayai. Mama anasikia, anafukua, na yale mataya yaliyonyonga mkono wa bibi yangu yanabeba watoto wa ukubwa wa kiganja, mmoja mmoja au kadhaa kwa pamoja, hadi majini, bila kumkwaruza hata mmoja. Jinsia yao haikuamuliwa na damu bali na joto la mchanga: shimo likiwa na nyuzi joto kati ya 32 na 34 hivi, wengi wanatoka madume, likipoa au likizidi hapo, majike. Mchanga wa Athi ndio mkunga. Kumbuka hilo, tutarudi kwenye mchanga.

Wengi wa watoto hao wanaliwa kabla ya kutimiza mwaka. Wanaobaki wanaanza na wadudu, kisha vyura, kisha samaki. Mtu aliyetuonyesha hili kwa ushahidi ni Hugh Cott, Mwingereza aliyepasua matumbo ya mamba wengi Uganda na Rhodesia ya Kaskazini miaka ya 1950 na kutoa matokeo mwaka 1961. Mamba hageukii wanyama wakubwa hadi awe mkubwa mwenyewe, na kufika hapo kunachukua miaka mingi. Anaweza kuishi miaka hamsini, hata sabini. Nilipiga hesabu hiyo mara mbili. Mamba aliyemshika dadake susu mwaka 1984 huenda bado yupo mtoni. Nilipomwambia, alinyamaza, halafu akasema: "Basi amezeeka kama mimi."

Tumeishi na huyu jirani muda mrefu kuliko tulivyokuwa binadamu kamili. Mwaka 1960 familia ya Leakey ilichimbua Olduvai, Tanzania, mguu wa kushoto wa kiumbe aliyeishi karibu miaka milioni 1.8 iliyopita, ukoo wa Homo habilis. Miaka mingi mguu huo ulijadiliwa kama ushahidi wa namna mababu zetu walivyotembea. Kisha mwanasayansi Mtanzania, Jackson Njau, akauliza swali ambalo mtoto yeyote wa ukingoni mwa mto angeuliza: je, aliyekuwa na mguu huu alikufaje? Njau na mwenzake Robert Blumenschine walichunguza mifupa iliyoliwa na mamba wa leo ili kujua alama za meno yao zinafananaje, kisha wakarudi kwenye mifupa ya Olduvai. Alama zilikuwepo. Mwaka 2010 mamba aliyeishi Olduvai enzi hizo alipewa jina lake rasmi, Crocodylus anthropophagus. Neno hilo la pili ni Kigiriki, maana yake mla watu.

Sisemi ni huyo hasa aliyemla mwenye mguu. Ninachosema ni kwamba picha ninayoiona sasa nikifikiria mwanzo wa binadamu si mwindaji na mkuki wake. Ni mtu ameinama majini.

Ukambani nao una picha kama hiyo, na imeandikwa. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Kitui mara ya kwanza mwaka 1849, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilishuka hadi Mombasa. Ni kutoka kwa Kivoi, tarehe 3 Desemba mwaka huo, ndipo Krapf alipouona mlima Kenya. Shuleni tulifundishwa hapo na kuishia hapo. Lakini Krapf alirudi mwaka 1851, na Agosti hiyo akaongozana na Kivoi kuelekea mto Tana. Karibu na mto walivamiwa. Kivoi akauawa. Krapf akakimbilia porini peke yake, kiu ikamkamata, akajikokota hadi Tana, akanywa. Hakuwa na chombo cha kubebea maji. Akajaza kifuko cha ngozi cha darubini yake, kisha akajaza maji kwenye mitutu ya bunduki na kuiziba kwa nyasi.

Nampenda Krapf katika ukurasa huo kuliko kurasa zake nyingine zote. Bunduki imekuwa kibuyu. Dini, mlima na ramani vyote vimewekwa kando, na huyu mgeni ameinama ukingoni mwa Tana kama mwanamke yeyote wa Kitui, bila kujua kilicho chini ya maji.

Walipokuja waliomfuata, mamba aliandikwa kwenye vitabu vya serikali. Utawala wa kikoloni Afrika Mashariki ulimweka kundi moja na wanyama waharibifu: ndovu walihitaji leseni, mamba ungeweza kumpiga risasi tu kwa kujisikia, na mayai yake kuvunjwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ngozi yake ikawa mkoba na viatu vya matajiri Ulaya, wawindaji wakaingia mitoni usiku na tochi, na mamba wakapungua vibaya. Cott, yule wa matumbo, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kusema kwa sauti kwamba mnyama huyu anaisha. Huku kwetu Kenya, mwaka 1965 na 1966, Alistair Graham aliua mamba 500 katika ziwa Rudolf, leo Turkana, kwa ajili ya utafiti wa serikali. Utafiti huo ulifundisha mengi, lakini mamba 500 ni wengi kwa kufundishwa.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1975 mkataba wa kimataifa wa CITES ulianza kufanya kazi na kuibana biashara ya ngozi. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote. Katika muda wa miaka michache mamba wa Athi alitoka kuwa mharibifu na kuwa mali ya taifa. Sitaki kuwa mtu wa kusema walikosea. Mto bila mamba ni mto mgonjwa. Ila angalia tarehe. Mamba alianza kulindwa miaka saba kabla ya dadake susu kushikwa. Hakuna tarehe kama hiyo ya siku mifereji ilipofika kwao. Na maji yalikuwepo: bomba la Mzima Springs, lililoko ndani ya Tsavo, limekuwa likipeleka maji Mombasa tangu miaka ya 1950. Ukienda Mzima leo utaona viboko na mamba wakiogelea juu ya chanzo cha maji ya kuoga ya watu wa Nyali.

Simba wawili wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898 walipata kitabu, filamu na kabati la kioo katika makumbusho ya Chicago. Hata mamba wengine wana majina: Gustave wa Burundi, Osama wa ziwa Victoria aliyekamatwa Uganda mwaka 2005. Wa Athi hana jina, kwa sababu anawachukua watu wasiokuwa na mwandishi. Mmoja huku akivuka kwenda sokoni, mwingine kule akifua, mtoto akiogesha mbuzi. Habari inapita redioni kwa Kikamba asubuhi moja na kuisha.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ilijaribu kurekebisha. Kabla yake, familia ya aliyeuawa na mnyama ilikuwa inalipwa shilingi 200,000. Sheria mpya iliweka shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine, na mamba yumo kwenye orodha. Kwenye karatasi ni sheria nzuri. Jirani yetu mmoja alijaza fomu zake zote, ya polisi, ya daktari, ya chifu, baada ya kijana wake kuchukuliwa akivuka. Nilimsaidia kuzipiga picha na kuzituma. Ofisi moja ilimwambia subiri kamati ikae. Kamati ikakaa. Akaambiwa subiri pesa zitoke. Aliacha kuuliza mwaka wa nne, na sijui kama niseme alikata tamaa au alichoka na nauli.

Dadake susu hakuwahi kujaza fomu yoyote. Nilipomtajia milioni 3 alitaka kwanza kujua ni ng'ombe wangapi. Nikakadiria. Akafikiria. Akasema afadhali wangemletea mfereji mwaka 1983.

Na ndiyo hoja yangu yote, kama nina hoja. Tumezoea kumjadili mamba kama tatizo la wanyamapori, tukabishana kama auawe au alindwe. Lakini hakuna mamba aliyemfuata mtu jikoni. Ukichora ramani ya watu walioliwa Athi, utakuwa umechora, bila kukusudia, ramani ya mahali ambapo maji ya bomba hayajafika. Na kwa kuwa kuchota maji ni kazi tuliyowapa wanawake na watoto, ndio wanaoinama.

Kuna njia za bei nafuu. Kule Sri Lanka, kwenye mto Nilwala, watu huzungushia uzio wa miti sehemu ya kuogea na kuchota, miti imesimikwa ndani ya maji kabisa, ili mamba abaki nje na mtu ndani. Teknolojia yake ni nguzo na misumari. Huku, mjomba wangu na wenzake waliwahi kujenga kitu kama hicho kwa miti na miiba, kikadumu hadi mafuriko ya kwanza. Athi ukijaa haubembelezwi.

Halafu kuna mchanga. Kila mjengo unaouona ukipanda Nairobi una mchanga ndani yake, na mwingi umetoka Ukambani. Malori yalibeba mito usiku na mchana hadi Makueni ikatunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Watu wengi wanaelewa upande mmoja: mchanga ukiondoka, maji yaliyohifadhiwa ndani yake yanaondoka, na mwanamke aliyekuwa akichota kwenye shimo salama sasa anasukumwa hadi Athi. Upande wa pili hautajwi. Mamba jike naye anahitaji ule mchanga kutagia. Mtu na mamba wote wanaibiwa kitu kimoja, kisha wanakutanishwa.

Na sasa linakuja bwawa. Pale mto Thwake unapoingia Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui, ujenzi ulianza mwaka 2018: ukuta wa zaidi ya mita 80 kwenda juu, wa kuhifadhi maji zaidi ya mita za ujazo milioni 600, kwa ajili ya bomba, mashamba na umeme. Tarehe ya kukamilika imesukumwa mbele mara kadhaa. Likikamilika, mifereji ikafika kweli vijijini, litafanya kazi ambayo hakuna sheria ya wanyamapori iliwahi kufanya. Lakini tumeona Tana. Masinga ilipojaa mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988, mamba hawakupewa barua ya kuhama. Walipata ziwa. Wavuvi wanaotupa nyavu kwenye mabwawa hayo wakisimama majini hadi kiunoni wanajua ninachosema. Bwawa bila mfereji ni ukingo mrefu zaidi wa kuinama, basi.

Desemba iliyopita nilienda na mjomba hadi mtoni usiku. Nilikuwa nimesoma kwamba watafiti huhesabu mamba kwa tochi, kwa sababu nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga, na jicho linawaka jekundu kama kaa la moto. Mjomba aliona ni upuuzi lakini alikuja, na panga. Tulisimama juu kabisa kwenye mwamba, mbali na maji. Nikawasha.

Mwanzoni hakuna. Kisha moja, karibu na ng'ambo ya Kitui. Kisha jozi, kisha nyingine. Nilihesabu kumi na moja kabla betri haijaanza kufifia. Wengi walikuwa wadogo, macho yamekaribiana. Lakini pale chini yetu, mkabala na ule ukingo uliokatika vizuri, kulikuwa na jozi moja ambayo nafasi kati ya jicho na jicho ilikuwa pana kuliko kiganja changu. Haikusogea. Mjomba akaniuliza ni saa ngapi. Nikamwambia inakaribia kumi ya alfajiri.

"Zima hiyo tochi," akasema. "Twende tukawaambie akina mama leo wapitie juu."

Tulipokuwa tukipanda tuliwasikia tayari wanateremka, mitungi mitupu ikigongana, wakiongea kwa sauti ya chini ya watu ambao hawajanywa chai.